Sheria za tumbaku Afrika Mashariki: nani huzisaidia serikali kuziandika, na nani huzitekeleza?

Mwezi Mei mwaka 2016, Uganda ilianza kutekeleza mojawapo ya sheria kali zaidi za kudhibiti tumbaku barani Afrika. Sheria hiyo inakataza kumuuzia tumbaku mtu yeyote ambaye hajatimiza umri wa miaka 21, na kuvuta sigara ndani ya mita 50 kutoka mahali pa umma, mahali pa kazi au chombo cha usafiri wa abiria. Inapiga marufuku pia sigara kuuzwa moja moja, pamoja na biashara ya shisha na sigara za kielektroniki. Onyo la afya linatakiwa kufunika asilimia 65 ya pakiti, mbele na nyuma.

Kwa msomaji wa kawaida, sheria ni jambo linaloanza siku rais anapotia saini na kumalizika polisi anapomkamata mkosaji. Sheria ya tumbaku haiendi hivyo. Kabla ya saini hiyo huwa kuna miaka ya kuandika, kubishana na kuhesabu kodi, na baada yake huja miaka mingine ya mahakamani. Katika ukanda huu wa Afrika, karibu kila hatua ya safari hiyo imekuwa na mkono wa wataalamu kutoka nje ya wizara: mashirika ya Umoja wa Mataifa, vyuo vikuu, mawakili wa kujitolea na wafadhili. Upande wa pili wamekuwapo wanasheria wa kampuni za sigara, ambao nao hawakulala.

Mkataba ulioanzisha yote

Chimbuko ni Mkataba wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa Kudhibiti Tumbaku, uliopitishwa mjini Geneva Mei 2003 na kuanza kutumika Februari 2005. Ndio mkataba wa kwanza wa afya kujadiliwa chini ya mwavuli wa shirika hilo, na sasa una nchi wanachama 183. Kenya iliutia saini na kuuridhia siku moja, mwezi Juni 2004. Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ziliuridhia mwaka 2005, Tanzania na Uganda mwaka 2007. Malawi, ambayo uchumi wake umeegemea jani hilo kuliko karibu nchi nyingine yoyote duniani, ilisitasita hadi mwaka 2023. Marekani iliutia saini mwaka 2004 lakini haijauridhia.

Mkataba huo unazitaka nchi kupandisha kodi, kukinga watu dhidi ya moshi wa wenzao, kuweka maonyo kwenye pakiti, kukomesha matangazo, na kuwatafutia wakulima mazao mbadala. Kifungu kinachozua ugomvi mkubwa zaidi, hata hivyo, hakihusu moshi wala majivu. Ni kifungu cha 5.3, kinachozitaka serikali kulinda sera zao za afya dhidi ya maslahi ya kibiashara ya kampuni za tumbaku. Mwongozo wa kukitekeleza, uliokubaliwa mjini Durban mwaka 2008, unashauri kwamba maofisa wa serikali wakutane na kampuni hizo pale tu inapolazimu, na wafanye hivyo kwa uwazi. Ukitafsiriwa katika sheria za nchi, maana yake ni kwamba mwakilishi wa kampuni hawezi tena kumwalika mkurugenzi wa wizara chakula cha jioni na jambo likaishia hapo.

WHO inakadiria kwamba tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 duniani kila mwaka, wakiwamo zaidi ya milioni moja ambao wenyewe hawavuti bali huishi au hufanya kazi na wavutaji. Katika Afrika Mashariki idadi ya watumiaji bado ni ndogo ikilinganishwa na Asia au Ulaya. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa kwa utaratibu mmoja uligundua kwamba watu wazima wanaotumia tumbaku walikuwa asilimia 7.9 nchini Uganda mwaka 2013, asilimia 11.6 nchini Kenya mwaka 2014 na asilimia 8.7 nchini Tanzania mwaka 2018. Katika nchi zote tatu wanaume wanaotumia ni mara kadhaa ya wanawake. Udogo wa takwimu hizo ndio unaoelezea ukali wa mvutano uliopo. Kwa wizara za afya, bado upo wakati wa kuzuia janga kabla halijafika. Kwa kampuni, hili ni soko lenye vijana wengi ambalo halijajaa.

Muswada wa mbunge, si wa serikali

Sheria ya Uganda haikuletwa bungeni na serikali. Ilikuwa muswada binafsi wa Dk. Chris Baryomunsi, daktari na mbunge wa Kinkizi Mashariki katika wilaya ya Kanungu, kusini-magharibi mwa nchi. Wakati muswada ukiendelea kujadiliwa, iliripotiwa kwamba kampuni ya British American Tobacco Uganda ilimwandikia mbunge huyo kumjulisha kuwa haitaingia tena mkataba na wakulima wa tumbaku wa Kanungu, yaani wapiga kura wake. Bunge liliupitisha muswada Julai 2015 na Rais Yoweri Museveni akautia saini Septemba mwaka huohuo.

Mjini Kampala ndiko kuliko pia na taasisi ambayo kazi yake hasa ni kuzisaidia serikali za Afrika katika jambo hili. Kituo cha Kudhibiti Tumbaku Afrika kilianzishwa mwaka 2011 kwa msaada wa WHO na kikawekwa katika Shule ya Afya ya Umma ya Chuo Kikuu cha Makerere. Wataalamu wa kituo cha namna hiyo huketi na maofisa wa wizara kupitia rasimu kifungu kwa kifungu, huwafundisha wakaguzi, na huandaa takwimu ambazo waziri atazihitaji atakapoulizwa bungeni kama kodi mpya haitafunga viwanda. Hakuna anayepigwa picha akiifanya kazi hiyo, lakini sheria nyingi hufa kwa kukosa mtu wa kuifanya.

Mwaka 2016 British American Tobacco Uganda ilifungua shauri katika Mahakama ya Katiba, ikidai kwamba vifungu kadhaa vya sheria hiyo vinakiuka haki zake za kikatiba, ikiwamo ya kufanya biashara. Kituo cha Afya, Haki za Binadamu na Maendeleo, kinachojulikana kwa kifupi cha CEHURD, kiliomba kuunganishwa katika shauri hilo kuitetea sheria. Mei 2019 majaji walilitupilia mbali.

Funzo la Kenya: rasimu mbovu ni zawadi kwa mpinzani

Kenya ndiyo iliyopita njia ndefu zaidi, na pengine ndiyo yenye mafunzo mengi zaidi. Mwaka 2006 waziri wa afya wa wakati huo, Charity Ngilu, alitangaza katika gazeti la serikali kanuni za kuzuia uvutaji hadharani. Kampuni za sigara zilikwenda mahakamani na kanuni zikasimamishwa. Bunge lilitunga sheria kamili mwaka 2007, ambayo ilianza kazi Julai 2008. Sheria hiyo iliunda Bodi ya Kudhibiti Tumbaku, ikakataza kuuza sigara moja moja na kuagiza maonyo ya afya yaandikwe kwa Kiingereza na Kiswahili, yakichukua asilimia 30 ya mbele ya pakiti na asilimia 50 ya nyuma.

Desemba 2014 zikafuata kanuni za utekelezaji. Ziliagiza maonyo ya picha, zikazitaka kampuni zitoe taarifa za viungo vya bidhaa zao, zikawawekea mipaka maofisa wa umma katika kukutana na wenye viwanda, na zikatoza mchango wa asilimia mbili ya thamani ya bidhaa za tumbaku kwa ajili ya mfuko wa kugharimia udhibiti. British American Tobacco Kenya ilizipinga Aprili 2015. Hoja zake zilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, kwamba mchango huo ni kodi iliyovaa jina lingine, na kwamba kuzuia maofisa kukutana na kampuni halali ni ubaguzi. Mahakama Kuu ilizibakiza karibu kanuni zote Machi 2016. Mahakama ya Rufaa ilikataa rufaa Februari 2017. Mahakama ya Juu ikafunga mlango Novemba 26, 2019.

Kuanzia kuchapishwa kwa kanuni hadi hukumu ya mwisho ni takriban miaka mitano. Maonyo ya picha yalianza kuonekana kwenye pakiti mwaka 2016, lakini mambo mengine, hasa mchango wa asilimia mbili, yalisubiri. Hata kampuni inapopoteza kesi katika kila ngazi, muda ambao kesi inachukua una faida yake kwenye vitabu vya hesabu.

Shisha ni mfano mwingine, na huu haukwenda vizuri kwa serikali. Tanzania iliipiga marufuku mwaka 2016. Desemba 2017 Rwanda na Kenya nazo zikafanya hivyo, Kenya kupitia kanuni za waziri wa afya Cleopa Mailu. Julai 2018 Mahakama Kuu mjini Nairobi iligundua kwamba utaratibu wa kutunga kanuni haukufuatwa kikamilifu na ikaipa wizara miezi tisa kuurekebisha, ikiwamo kuzifikisha kanuni bungeni. Septemba 2024 mahakama ya Shanzu, Mombasa, iliwaachilia watu 48 walioshtakiwa kwa kuuza na kuvuta shisha, kwa sababu marekebisho hayo hayakuwa yamefanywa. Mamlaka ya kupambana na dawa za kulevya nchini humo, NACADA, ilisisitiza kwamba marufuku bado ipo. Mmiliki wa klabu ya usiku aliyesoma kauli zote mbili siku hiyo alikuwa na haki ya kuchanganyikiwa.

Hapo ndipo msaada wa kitaalamu unapopata maana yake. Uamuzi wa kisiasa ulikuwapo, na hata polisi walikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kukumbusha kwamba kanuni lazima zipite mezani pa bunge ndani ya muda uliowekwa.

Fedha za mawakili

Nchi ndogo zimekuwa na sababu ya kuogopa mahakama. Mwaka 2010 kampuni ya Philip Morris iliishtaki Uruguay mbele ya baraza la usuluhishi la Benki ya Dunia, ikidai kwamba maonyo yanayofunika asilimia 80 ya pakiti yanakiuka mkataba wa uwekezaji kati ya Uruguay na Uswisi. Uruguay, iliyoongozwa kwa vipindi viwili na Tabaré Vázquez, daktari wa saratani, ilishinda Julai 2016 na kulipwa dola milioni 7 za gharama. Lakini katika miaka hiyo sita, serikali nyingine zilikuwa zikitazama na kupiga hesabu. Baadhi, Togo na Namibia zikiwamo, zilipokea barua kutoka kwa kampuni zikitahadharishwa kwamba sheria zilizokuwa zikiandaliwa zinaweza kugongana na mikataba ya biashara.

Kwa sababu hiyo, Machi 2015 taasisi ya Bloomberg na ile ya Bill na Melinda Gates zilianzisha mfuko wa dola milioni 4 wa kuzisaidia nchi za kipato cha chini na cha kati kukabiliana na kesi kama hizo. Huko Melbourne, Australia, Kituo cha McCabe kinachoshughulikia sheria na saratani huwafundisha wanasheria wa serikali kutoka nchi zinazoendelea jinsi ya kuandika na kutetea sheria hizi. Mawakili wa serikali wa Nairobi au Kampala, ambao wiki moja hushughulikia mgogoro wa ardhi na wiki inayofuata zabuni ya barabara, hawawezi kutegemewa kuijua kesi ya Uruguay kwa moyo.

Wapinzani wana hoja ambayo haifai kupuuzwa. Wanauliza ni kwa nini bilionea wa New York awe na sauti katika sheria ya bunge la Kampala. Jibu la wizara za afya ni kwamba hakuna mfadhili aliyepiga kura bungeni, na kwamba kampuni zinazouliza swali hilo nazo makao yake makuu yako London, Geneva na Tokyo. Swali gumu zaidi ni la uendelevu. Marekani ilitangaza Januari 2025 kwamba inajiondoa WHO, na shirika hilo limelazimika kupunguza bajeti yake. Kazi inayotegemea msaada huyumba msaada unapoyumba. Ndiyo maana mchango wa asilimia mbili wa Kenya, uliopiganiwa kwa miaka mitano, una uzito kuliko ukubwa wake.

Mtaani

Utekelezaji ni habari nyingine. Uganda imeigawa kazi hiyo kati ya Wizara ya Afya, polisi, mamlaka ya mapato, shirika la viwango na serikali za mitaa. Nchini Kenya, tangu katiba ya mwaka 2010, huduma za afya zimehamia kwenye kaunti, na maofisa wa afya ya umma wanaokagua machinjio na vyoo vya sokoni ndio wanaotarajiwa kukagua pia sigara. Polisi wa Kampala hufanya misako katika baa zinazouza shisha, na habari zake huandikwa. Muuza peremende anayezunguka kwenye foleni ya magari na pakiti iliyofunguliwa haandikwi na mtu.

Sigara ya moja moja ni kiini cha tatizo hilo. Pakiti nzima ni ghali kwa kijana asiye na kipato, na bei ya pakiti ndiyo serikali inayoipandisha kwa kodi ili kumzuia. Pakiti ikifunguliwa kibandani, bei inarudi kuwa sarafu, onyo la picha linabaki kwa muuzaji, na kanuni ya umri inasahaulika. Sheria zimekataza, lakini kibanda kinachouza kijiko kimoja cha mafuta na nusu ya mkate hakioni ajabu kuuza sigara moja. Hakuna nchi ya ukanda huu iliyolimaliza jambo hili.

Kwenye kodi kuna mafanikio zaidi. WHO inashauri kodi ifikie angalau asilimia 75 ya bei ya rejareja, kiwango ambacho nchi za Afrika Mashariki bado hazijakifikia. Hoja ya kampuni daima ni kwamba kodi kubwa hualika magendo. Kenya ilijibu mwaka 2013 kwa mfumo wa stempu za ushuru zinazoweza kukaguliwa kielektroniki, na Uganda ikaanzisha stempu zake za kidijitali mwaka 2019. Kenya imejiunga pia na itifaki ya kimataifa dhidi ya biashara haramu ya tumbaku, iliyoanza kutumika mwaka 2018. Biashara hii haina mipaka kama ramani inavyoonyesha: kiwanda cha British American Tobacco cha Nairobi huhudumia soko la nchi kadhaa, kwa hiyo onyo lililoamriwa Kampala huchapwa kwenye pakiti Kenya.

Bidhaa mpya nazo hazisubiri. Mwaka 2019 vifuko vya nikotini, vinavyowekwa kati ya mdomo na ufizi bila moshi wala harufu, vilianza kuuzwa madukani Nairobi kwa chapa ya LYFT, vikiwa vimesajiliwa chini ya utaratibu wa dawa. Mwaka uliofuata waziri wa afya Mutahi Kagwe alisema usajili huo haukuwa halali. Sheria ya mwaka 2007 haikuwa imewaza kitu cha namna hiyo, na muswada wa marekebisho uliofikishwa katika Seneti mwaka 2024 unajaribu kuviingiza vifuko hivyo na sigara za kielektroniki katika udhibiti.

Wanaolima

Tanzania, iliyotunga sheria yake mwaka 2003, kabla hata ya kuridhia mkataba, bado inatumia maonyo ya maandishi na inaruhusu maeneo maalumu ya kuvutia ndani ya majengo. Ni nchi mwanachama, lakini pia ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa tumbaku Afrika. Katika Urambo, Kaliua, Sikonge na Chunya, msimu wa masoko ya tumbaku ndio msimu wa ada za shule na mabati mapya. Waziri wa afya anayetaka kuipa nchi hiyo sheria mpya atamkuta mezani waziri wa kilimo mwenye takwimu za fedha za kigeni.

Takwimu za upande wa pili zipo, na kuzitafuta ni sehemu ya msaada unaotolewa. Zambia ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuingizwa katika mradi wa sekretarieti ya mkataba ulioanza mwaka 2017 kwa fedha za Uingereza. Uchambuzi uliofanywa nchini humo ulionyesha kwamba tumbaku huua zaidi ya Wazambia 7,000 kwa mwaka na kuigharimu nchi kwacha bilioni 2.8, sawa na asilimia 1.2 ya pato la taifa. Hata hivyo muswada wa kudhibiti tumbaku umezungushwa huko kwa miaka mingi. Zambia nayo inalima.

Mkulima mwenyewe mara chache huulizwa. Hupewa mbegu, mbolea na dawa kwa mkopo na kampuni inayonunua zao, na deni hukatwa siku ya mauzo, baada ya jani kupangwa katika madaraja na mnunuzi. Jani bichi lenye umande hupenyeza nikotini kwenye ngozi ya anayelichuma na kumletea kichefuchefu na kizunguzungu, na miongoni mwa wachumaji wamo watoto. Mabani ya kukaushia hula kuni, na misitu ya miombo ya Tabora inaujua moto huo vizuri.

Katika kaunti ya Migori, magharibi mwa Kenya, karibu na mpaka wa Tanzania, WHO, Shirika la Chakula na Kilimo na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani walianza mwaka 2022, pamoja na serikali, kuwasaidia wakulima kuacha tumbaku na kupanda maharage yenye madini ya chuma kwa wingi. Kilichowavuta wengi si mbegu, kwa kuwa maharage hayakuwa mageni Migori. Ni mnunuzi. Shirika la Mpango wa Chakula liliahidi kununua mavuno, na kampuni ya tumbaku ilikuwa imewazoesha wakulima hao kitu kimoja ambacho mazao mengine hayakuwapa, yaani mtu anayejulikana kwa jina atakayekuja na mizani mwisho wa msimu. Mradi kama huo umeanzishwa pia Zambia.